Sauti ya Jirani Hufika Kwanza

Nyumba yangu ya Majengo, Mombasa, na ya jirani zimegawana ukuta mmoja. Yeye ana dishi juu ya bati. Mimi natazama mpira kwa simu, nimeiegemeza kwenye chupa ya chai isianguke, na bando likinikatikia namwomba mke wangu anigawie lake. Kwa hivyo mpira wa jirani hutangulia wangu. Si kwa mengi. Sekunde ishirini, siku nyingine thelathini, na mtandao ukishikwa na usingizi hata dakika nzima. Lakini timu yako ikiwa uwanjani, sekunde ishirini ni ndefu kuliko jioni ya kutafuta mwezi wa Idi.

Basi mimi goli silioni kwanza, nalisikia. Kwangu mpira bado uko katikati, kiungo augeuza huku na huku akitafuta wa kumpa, na ng'ambo ya ukuta kelele zishapigwa. Kazi yangu ni kuzifasiri. Jirani mwenyewe ni Manchester United. Mwanawe wa kwanza ni Chelsea. Wa pili, Mungu amzidishie, ni Arsenal kama mimi. Nikisikia ile sauti nyembamba ya yule mdogo peke yake, nakaa kitako, natabasamu, nangoja. Nikisikia baba na mkubwa kwa pamoja, na kiti kikaanguka, najua tumefungwa. Kukiwa na ukelele mmoja uliokatika njiani, huo ni mwamba wa goli.

Mke wangu alinikuta siku moja katika hali hiyo. Kiti cha jirani kilikuwa kishaanguka.

"Si wamefungwa?" akauliza.

"Wamefungwa."

"Na watazama nini tena?"

"Nangoja nione."

"Uone nini, na ushajua?"

Sikuwa na jibu, naye akishanikosesha jibu huenda zake jikoni akivuma wimbo. Nimeshalitafuta jibu hilo karibu mwaka mzima. Ninayoandika hapa ndiyo niliyoyapata, na kama kawaida yangu, yamechelewa.

Uarsenal wangu haukuanza kwa kuona. Ulianza Jumapili moja ya Oktoba 1999, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mjomba wangu, kakake mama, alikuwa karani bandarini Kilindini, na desturi yake Jumapili asubuhi ilikuwa kuja kwetu kula mahamri na mbaazi. Siku hiyo aliingia, akaketi mkekani, akawekewa sahani, asile. Mtu akiyaacha mahamri ya mama yangu yapoe, kuna jambo.

"Ndoo hapa," akaniita. "Nikuonyeshe kitu."

Akalivuta bakuli la mbaazi akaliweka ukingoni mwa mkeka. Hilo ni goli. Mbele ya bakuli akaweka mahamri mawili: hao ni mabeki wa Chelsea, wamesimama mstarini. Kikombe cha chai ni kipa. Kijiko ni Kanu, mshambuliaji wa Arsenal. Jana yake, uwanjani Stamford Bridge, Chelsea walikuwa wakiongoza mabao mawili kwa nunge, ikabaki robo saa, akaja huyu Mnigeria mrefu akafunga matatu peke yake. La kwanza na la pili mjomba aliyapitia haraka, maana alikuwa na hamu ya la tatu. Kikombe kikatoka golini kwa pupa hadi pembeni kabisa. Kijiko kikakiacha kikombe upande, kikawa karibu na mstari wa mwisho, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hutoa pasi. Mjomba akakiinua kijiko taratibu, kikapita juu ya mahamri yote mawili, kikatua ndani ya mbaazi. Nazi ikamrukia mama kwenye leso.

"Na huyu," mjomba akasema, kijiko kingali mkononi, "alipasuliwa moyo miaka mitatu nyuma. Moyo, si goti."

Goli lenyewe nililiona siku kadhaa baadaye, kwenye televisheni ya duka moja, nimesimama mlangoni na watoto wenzangu. Nikavunjika moyo kidogo. Lilikuwa zuri, ila la mjomba lilikuwa zuri zaidi.

Kwa hivyo tangu mwanzo habari ilinifikia kabla ya picha. Na sikuwa wa kwanza. Mjomba na rika lake mpira waliuona kwa masikio, kwa redio ya Sauti ya Kenya, kwa watangazaji kama Leonard Mambo Mbotela, mtoto wa papa hapa Freretown, aliyezaliwa 1940 na kutuaga Februari 2025. Mjomba alikuwa akisema kwamba ukimsikiliza Mbotela unaona hata nyasi. Televisheni ilipoingia nyumbani kwake aliifunga sauti, akawasha redio kando. Redio ikitangulia kidogo, ye hajali. Alikuwa akisikia goli, kisha anageuza shingo kulitazama, kama mtu anayehakikisha chenji aliyoshahesabiwa.

Msimu wa Arsenal wa 2003/04 nitaupita mbio. Mechi 38 za ligi, kushinda 26, sare 12, kushindwa hakuna. Nilikuwa mvulana wa shule na nikadhani ndivyo dunia ilivyo. Laiti ningejua, ningeutafuna polepole.

Ninayoyakumbuka vizuri ni mengine. Mei 17, 2006, saa nne kasorobo usiku, chumba cha vidio, kiingilio shilingi ishirini na benchi halina mgongo. Fainali ya Ulaya, Paris, sisi na Barcelona. Tulikuwa tumecheza mechi kumi mfululizo za mashindano yale bila nyavu zetu kuguswa. Mvua ya masika ilikuwa ikilipiga bati hata mtangazaji hasikiki, na Paris pia ilikuwa ikinyesha, kwa hivyo hujui ni ipi ya kule na ipi ya kwetu. Dakika ya 18 kipa wetu Lehmann akamwangusha Eto'o, kadi nyekundu. Kumi dhidi ya kumi na mmoja. Dakika ya 37 Sol Campbell akaruka akapiga kichwa, goli, nami nikajikuta nimemkumbatia mtu nisiyemjua, mwenye kanzu iliyoloa. Tukaulinda uongozi ule kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa pomoni kwenye daladala. Saa ikasonga. Dakika ya 76, Eto'o. Dakika tano hivi baadaye, Belletti.

Mle ndani mlikuwa na shabiki mmoja tu wa Barcelona, naye alikuwa muuza kahawa. Alikaa mlangoni usiku kucha na dele lake la shaba, hakusema neno. Mpira ulipokwisha watu walibaki wameketi, bati likilia. Akainuka, akaanza kutumiminia mmoja mmoja. Nikatia mkono mfukoni kutafuta pesa.

"Wacha," akaniambia. "Kahawa ya matanga hailipishwi."

Hakucheka. Nadhani hiyo ndiyo dhihaka kali zaidi niliyowahi kufanyiwa, na pia ndiyo huruma kubwa zaidi niliyowahi kufanyiwa na mpinzani, na hadi leo sijui ilikuwa ipi kati ya hizo mbili.

Halafu kuna Agosti 28, 2011. Hii mashabiki wa Arsenal wa Mombasa tuna uchungu wetu wa peke yetu juu yake, maana ilitukuta ndani ya Ramadhani, Idi ikinukia. Mechi ilianza saa kumi na mbili jioni kule Old Trafford, kwa Manchester United. Adhana ya Magharibi ilipolia tulikuwa tushafungwa. Nikainuka, nikafuturu kwa tende na kikombe cha uji, nikaswali, nikarudi na kaimati mbili mkononi nikijipa moyo kwamba mfungo una baraka zake. Unajua ilivyokwisha. Nane kwa mbili. Kaimati moja ilinibaki mkononi mpaka ikawa kama jiwe.

Usiku ule tukiwa nje ya msikiti tunangoja Tarawehe, rafiki yangu mmoja, Manchester United wa kuzaliwa, akanisogelea akiwa na sura ya mtu anayetaka fatwa.

"Ati wewe leo waswali rakaa nane au ishirini?"

"Kwani vipi?"

"Nauliza tu. Maana nane ushazipata."

Watu hupenda kukwambia, timu yako ikishindwa, kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Sijawahi kuisikia methali hiyo kutoka kwa aliyeshindwa. Iliyo ya kweli kwangu ni ile ya mzigo wa mwenzio kuwa kanda la usufi. Msimu wa 2022/23 tuliongoza ligi siku 248, na kombe tukalikosa. Mwaka uliofuata wa pili, na uliofuata huo wa pili tena. Mke wangu, ambaye hana timu, alinifariji mara ile ya tatu kwamba wa pili si mbaya, hata darasani wa pili hupewa zawadi. Nilimshukuru. Nikatoka nje nikatembea hadi Mwembe Tayari na kurudi.

Hapa niseme jambo litakaloniudhisha na wengi. Kuna watu siku hizi wanajiita mashabiki na mfukoni wana mkeka. Sisemi mkeka wa kulalia. Nasema wa kubeti. Nina mwenzangu kazini, Arsenal damu, anayeweka pesa timu yake ishindwe. Alinieleza kwa utulivu kabisa: wakishinda nafurahi, wakifungwa napata cha kunifariji. Nikamwangalia. Huyo amejikatia bima. Kwenye dakika ya tisini, sare, tukipiga kona, yeye moyo wake unataka nini? Nilimuuliza. Akasema inategemea na kiasi alichoweka. Mimi kubeti kwa kubeti sina ugomvi nako mkubwa, ingawa nimeona kodi za nyumba zikiyeyuka Jumamosi moja. Ila usikae karibu nami wakati wa kona.

Uwanja wa Mbaraki niliuingia kwa aibu. Ilikuwa 2018. Kuna baraza moja ya wazee ninapokunywa kahawa baada ya Isha, na usiku huo nilikuwa nikimhesabia mtu kikosi cha Arsenal cha enzi za Highbury, uwanja wetu wa zamani, jina kwa jina, kuanzia kipa. Mzee mmoja akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini:

"Feisal ilichukua ubingwa wa Kenya mwaka gani?"

Kimya.

"1965," akajijibu. "Watoto wa Mombasa hawa. Na Liverpool waijua?"

Nikasema ndiyo, Liverpool naijua.

"Ya wapi?"

"Ya Uingereza."

"Mimi nakuuliza ya Mombasa." Mji huu ulikuwa na Liverpool yake, ambayo baadaye ikaitwa Mwenge. Wazee wakaanza kumtaja Ali Kajo, mchezaji wa enzi zao, wakabishana, wakanisahau kabisa. Nikanywa kahawa yangu nikainuka.

Wikendi ile nikaenda Mbaraki kuitazama Bandari, timu ya hapa Mombasa. Uwanja wa Manispaa, ambao ndio ungekuwa uwanja wa mji, ulikuwa umevunjwa ujengwe upya, na ukakaa miaka mingi ukiwa nguzo na vyuma. Kwa hivyo mpira ni Mbaraki. Shilingi mia mbili langoni, jukwaa dogo, upepo wa bahari, honi ya meli ikilia mahali usipopaona. Nikashangazwa na sauti. Kwenye simu mpira hauna sauti yake, una ya mtangazaji na ya halaiki. Mbaraki unasikia buti likiugonga mpira. Unasikia beki akimwita kipa, kocha akimtukana winga wake kwa jina, mshika kibendera akipumua.

Kipindi cha pili nilikuwa nimeinama kumlipa muuza kahawa, watu wakaruka. Goli! Nikainua kichwa, nikatazama uwanjani, nikangoja. Wachezaji wamekumbatiana, wakaachana, mpira ukarudishwa katikati. Nikaendelea kungoja. Ilinichukua muda kutambua kwamba nangoja wairudie. Haikurudiwa. Goli lile limepita, na mimi nilikuwa hapo hapo, na sikuliona, na mpaka leo sijaliona.

Bandari walimaliza wa pili mwaka ule. Msimu wa 2018/19, wa pili tena, nyuma ya Gor Mahia mara zote mbili. Nikajiambia, basi tatizo ni mimi. Januari 2019 wakaenda Dar es Salaam, wakaitoa Simba kwenye nusu fainali ya kombe la SportPesa, mabao mawili kwa moja, na fainali wakalazwa na Kariobangi Sharks. Lakini Juni, fainali ya kombe la Shield, Kasarani, ni wale wale Sharks, na safari hii ilikuwa tatu kwa moja yetu. Chini ya kocha Bernard Mwalala timu ile ilicheza mpira ambao ningeulipia hata mia tano.

Ubingwa ule wa kombe ukatupeleka Afrika, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba mechi ya nyumbani inaweza kuwa mbali. Septemba 2019 tulicheza na Ben Guerdane ya Tunisia, nyumbani kwetu, yaani Nairobi. Nilipanda treni ya SGR kutoka Miritini, shilingi elfu moja, mahamri kwenye bakuli la plastiki, nikaenda karibu kilomita mia tano kuwa mwenyeji. Nikalala kwa binamu yangu. Kasarani ni uwanja wa maelfu kwa maelfu, na sisi wa kutoka pwani tulikuwa tumekaa pamoja kama watu wa harusi waliokosea ukumbi. Tukashinda mawili bila. Tulipiga makofi, na kila kofi likatukumbusha viti vilivyokuwa wazi. Sijui kwa nini nililia. Sikuwa nimelia Paris, maana yake sikuwa nimelia kwa ajili ya Paris. Marudiano tukafungwa mawili kwa moja tukapita hivyo hivyo, halafu Horoya ya Guinea ikatutoa, na mambo yakarudi Mbaraki.

Kuna siku moja ya Mbaraki ambayo ningependa kuiruka, lakini nikiiruka nitakuwa nimewadanganya.

Tulikuwa tukicheza vibaya, na beki wetu wa kulia ndiye aliyekuwa mlango. Winga wa wageni alikuwa akimpita kama mtu anayepita sokoni. Mimi nilikuwa safu ya tatu, na nina sauti. Nikaanza. Nikamwambia ana miguu ya meza. Nikamwambia arudi alikotoka akavue dagaa. Watu wakicheka, mimi nikizidi. Unajua mtu akishachekewa anavyokuwa. Wakati wa mapumziko mama mmoja aliyekaa nyuma yangu, amejifunga leso, alinigusa bega akanipa njugu kwenye karatasi. Nikashukuru, nikala, na kipindi cha pili nikaendelea pale nilipoachia.

Baada ya mechi nilisimama nje kununua viazi karai. Muuzaji akanimwagia ukwaju. Nikasikia mtu nyuma yangu.

"Kaka, salama?"

Nikageuka. Ni yeye, na begi lake begani, amevaa kandambili. Uwanjani alionekana mtu mzima. Karibu nami hivi alikuwa kijana wa miaka ishirini, ishirini na moja, shavu moja lina mchanga.

"Ni wewe wa miguu ya meza?"

Kinywa kilikuwa kimejaa kiazi. Nikatikisa kichwa kwamba ndimi.

"Haidhuru," akasema. "Leo nilicheza vibaya, hata mimi najua. Ila mama alikuja kutoka Msambweni. Ndiyo mara yake ya kwanza kuja uwanjani." Akatazama chini. "Alikuwa amekaa nyuma yako."

Akanunua viazi vyake, akamlipia na mtoto mmoja aliyekuwa akimtazama, akaenda. Mimi nilibaki na karatasi yangu. Si matusi yaliyoniuma usiku ule. Ni zile njugu. Alijua ni mwanawe, akajua ni mimi, akanipa njugu.

Sikuacha kupiga kelele, nisidanganye. Ila nina mazoea mapya. Hata nikiwa nyumbani na simu yangu, beki wa London akiteleza na tusi likinijia ulimini, huwa nageuka kwanza kutazama nyuma yangu. Mke wangu anadhani nimeanza kuona majini.

Wenzangu wa Mbaraki, wale wenye itikadi kali, husema sasa niitupe Arsenal. Ati kushabikia timu ya Wazungu ni ugonjwa, ni kulilia matanga ya watu wasiokujua kwa jina. Nimeifikiria sana hoja hiyo, maana ina ukweli ndani yake. Hakuna mchezaji wa Arsenal atakayenikuta nikila kiazi karai. Lakini mimi Arsenal sikupewa na Wazungu. Nilipewa na mjomba, mkekani, kwa kijiko. Niirudishe kwa nani?

Na kuna mara chache ambapo ukuta wa jirani hauna haja ya kufasiriwa. Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya CHAN, Kenya na Morocco, sisi tukiwa kumi uwanjani kwa kadi nyekundu na goli moja la Ryan Ogam la kulinda. Manchester, Chelsea na Arsenal wa nyumba ile walikuwa na sauti moja. Mtaa mzima ulikuwa na sauti moja, isipokuwa wenye simu kama mimi, tuliokuwa tukishangilia kwa awamu kama makuli wanaopokezana mzigo. Siku kumi na mbili baadaye Madagascar wakatutoa robo fainali kwa penalti. Nilisikia ukuta ukinyamaza. Kwangu mkwaju wa mwisho ulikuwa haujapigwa. Niliutazama.

Mjomba sasa ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwenda zamani, la kulia linaona mwanga na vivuli. Bado huja, ila siku hizi ni mimi ninayemfuata kwa tuktuk, na si asubuhi tena, ni jioni za mechi. Anakaa kwenye kiti, simu iko juu ya meza kwenye chupa yake ya chai, na mimi namtangazia. Si Mbotela mimi, lakini najitahidi. Anapenda nimwambie mpira uko upande gani wa uwanja, nani anao, nani amesimama wapi. Ninapozembea nikasema tu "wanapasiana", ananikemea: "Nani? Kwa mguu gani?"

Wiki iliyopita tulikuwa hivyo, mke wangu mlangoni na sinia la vikombe. Ng'ambo ya ukuta ikapigwa kelele. Ilikuwa kubwa, na sauti nyembamba haikuwamo. Kiti kikaanguka. Mke wangu akanitazama. Mimi nikamtazama mjomba. Masikio yake hayana kasoro. Ameishi na ukuta ule muda wa kutosha kujua kiti hicho ni cha nani.

Nikanyoosha mkono kuizima simu, nimwondolee uchungu.

"Wafanyaje?" akauliza.

"Mjomba, si umesikia?"

"Nimesikia." Akauweka mkono wake juu ya wangu, akautoa kwenye simu. "Mpira uko wapi?"

Mke wangu akaliweka sinia chini, akaketi.

"Katikati," nikamwambia.

"Nani anao?"